Kiraka cha Panya

Hatsue alifukuzwa katika nyumba ya kina Nagao, alikoolewa, akiwa bado msichana mbichi, na katika miaka yote iliyofuata hakuwahi kuishi mahali ambapo asingeweza kumsikia mbwa wa nyumba hiyo akibweka. Watu wa mjini wakisikia hivyo huuliza kwa nini hakuondoka. Aondoke aende wapi? Wazazi wake walikuwa wamekufia kisiwa cha kaskazini, kwenye mabanda ya kukaushia samaki, na ndugu hakuwa naye. Basi alibaki kwenye kibanda kando ya mfereji, ukingoni mwa shamba la matufaha la haohao kina Nagao, na kila mwanzo wa kiangazi alipanda ngazi kuyavisha matunda machanga mifuko ya karatasi, moja baada ya jingine, ili jua na wadudu wasiyaharibu. Bi Ritsu, mwanamke aliyeingia nyumbani humo badala yake, alikuwa akipita chini ya ngazi na kumwonyesha kwa kidole mfuko uliofungwa vibaya.

Kazi hiyo tuliifanya pamoja, ngazi yangu kando ya yake. Tunda la kwanza la kila msimu Hatsue alilifunga taratibu kuliko mengine, huku midomo yake ikicheza, kana kwamba anataja neno moja fupi. Nilidhani ni dua. Siku moja nilimuuliza, akaniambia nishike ngazi yangu.

Mimi naitwa Tome. Kwetu jina hilo walipewa mabinti ambao wazazi wao walikuwa wamechoka kuzaa wasichana, na maana yake ni ikomee hapo. Haikukomea. Baada yangu walikuja wengine wawili, wa kike wote. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba mimi na majina tuna ugomvi wa siku nyingi, na kwamba ukitafuta mtu wa kukusimulia kwa ulimi wa asali umebisha hodi nyumba siyo.

Mwaka ninaousimulia sote tulikuwa tumeshaota mvi. Chama chetu cha akina mama kilikuwa na desturi ya kutoka kila vuli, matufaha yakishaingia ghalani, kwenda kwenye chemchemi za maji moto. Huko tulilowa mpaka ngozi zikajikunja, tukanywa kidogo, tukaimba, tukawasema waume zetu, waliokufa na waliobaki. Hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo hakuna aliyetuuliza chakula kiko wapi. Sasa mwenyekiti wetu, ambaye angekuwa nani kama si Bi Ritsu, akatangaza kwamba safari hii hatuendi kuoga. Tunakwenda makumbusho ya sanaa na vyombo vya jadi, kule mjini.

Watu walinung'unika. Bibi Kane, mjane ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, alisema akitaka kuona kitu cha kale husimama mbele ya kioo, tena bure. Bi Ritsu hakucheka. Alieleza kwamba tandiko la uzazi la kina Nagao limetundikwa huko ukutani, na maprofesa wanatoka Tokyo kuja kulitazama. Wajawazito wa mjini nao, alisema, wanakuja kusimama mbele yake na kuunganisha viganja, kwa sababu ni tandiko lenye bahati ambalo juu yake hajawahi kufa mtoto. Itakuwa ajabu kijiji chake chenyewe kisilione.

"Bi Hatsue naye asikose," akamalizia.

Sote tulitazama chini. Hatsue alikuwa amekaa nyuma karibu na viatu, mahali pake pa siku zote, akaitikia kwa kuinama.

Inabidi niseme tandiko ni nini, maana wajukuu zangu hawalijui. Kwetu pamba haioti kwa baridi. Tulivaa katani, na kitambaa kikichakaa kilishonewa juu ya kingine, na kingine juu ya hicho, mpaka usijue cha kwanza kilikuwa kipi. Kila nyumba ilikuwa na shuka moja nene la matambara ya namna hiyo. Mwanamke akishikwa na uchungu lilitandikwa juu ya majani makavu ya mpunga, akapiga magoti hapo na kushika kamba iliyofungwa darini. Akizaa mtoto hai, alikata kipande cha nguo yake mwenyewe akakishona kwenye shuka, ili atakayekuja baada yake ashikwe na wote waliotangulia. Maprofesa wanaupenda sana upande huo wa habari. Upande wa pili ni kwamba mke asiye na kiraka pale alihesabiwa mgeni, na mgeni huweza kuambiwa aende wakati wowote.

Hatsue alizaa. Naliweka hilo wazi kwa sababu mimi ndiye niliyebeba maji ya moto usiku ule. Ulikuwa mwaka wa kiangazi cha baridi, mpunga ulisimama shambani ukiwa kijani na masuke matupu, watu wakala mizizi. Alizaa msichana. Mtoto alilia, nilimsikia kwa masikio yangu, sauti kali kama ya mtu aliyedhulumiwa. Hatsue alikuwa amemshonea kigauni chekundu. Nguo ya kukishonea alikuja nayo kutoka kaskazini, shuka ya kiunoni, nyekundu yenye maua meupe ya mplamu, kitu pekee kizuri alichokuwa nacho duniani. Sisi wasichana wa kijiji, tuliovaa nili na vumbi, tuliionea wivu mpaka tumbo likauma. Kwetu nyekundu humkinga mtoto na maradhi, kwa hiyo aliikata bila kusita.

Mama mkwe wake, Bibi Yone, alimchukua mtoto akasema anakwenda kumpasha moto mekoni. Asubuhi alimrudisha akiwa wa baridi. Alisema amepumua vibaya. Mwaka ule katika nyumba nyingi watoto walipumua vibaya, na sijasikia hata mmoja aliyekuwa wa kiume. Hakuna aliyeuliza. Mume wake, Tokuzo, alikuwa nje anasafisha theluji, akaendelea kusafisha.

Kwetu mtoto hupewa jina usiku wa saba. Huyu hakufika, basi hakuwa na jina, na asiye na jina hana kaburi wala ibada hekaluni. Walimzika chini ya upenu, pale theluji ya paa inapodondokea. Theluji ilipoyeyuka, kina Nagao walikuwa wameshakubaliana na mwenye kinu cha mpunga kumchukua binti yake, Ritsu, awe mke mpya. Lakini kabla ya kumtoa Hatsue, Bibi Yone alimpa kazi ya mwisho. Tandiko lilikuwa linakwaruza upande wa chini. Alishonee bitana ya mifuko ya unga, ili bibi harusi ajaye apate raha.

Hatsue aliomba jambo moja tu, naye ndiye aliyenihadithia. Aliomba kushona kiraka chake.

"Kiraka ni cha aliyezaa," Bibi Yone alimjibu. "Wewe umezaa nini?"

Alikaa ukumbini akashona bitana kutwa nzima, peke yake. Jioni alikunja tandiko, akalirudisha sandukuni, akainama kuaga, akatoka na kifurushi chake. Bi Ritsu aliingia msimu wa matufaha kuchanua. Alizaa wana wawili juu ya tandiko lile, na bitana ile haikufumuliwa, maana Hatsue alishona kwa mkono ambao nyuzi zake zilikata tamaa ya kulegea.

Siku ya safari tulifika mjini asubuhi. Makumbusho yenyewe yalikuwa ghala la zamani la tajiri wa mchele, kuta nene, sakafu ya mbao iliyosuguliwa mpaka unajiona. Tulivua viatu, tukapanga visigino vikitazama ukuta, tukaingia kwa soksi. Binti mmoja anayeitwa Mizuno, wa huko Tokyo, mwembamba, sauti kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, ndiye aliyetupokea na kututembeza.

Nisikufiche, tulijifurahisha. Kulikuwa na kapu la kubebea samadi limewekwa juu ya meza nyeupe, taa yake peke yake. Bibi Kane alilizunguka akasema amelibeba kapu kama hilo mgongoni nusu ya maisha yake na hajatokea mtu wa kummulikia taa. Kulikuwa na viatu vya majani vya kutembelea thelujini, vyungu vya achari ya figili, mwiko wa mti. Mizuno alituambia tutazame jinsi watu wasiojulikana walivyotengeneza uzuri bila wao wenyewe kujua. Mwenzetu mmoja alimwonyesha kovu kwenye nyusi, akasema mwiko kama huo ulimtengeneza yeye, na aliyeushika alijulikana sana. Tulicheka mpaka mlinzi akakohoa. Mizuno alicheka pia, kwa adabu, bila kuelewa.

Hatsue hakucheka wala hakununa. Bi Ritsu alikuwa amemshika kiwiko tangu mlangoni, kwa upole mkubwa, akimtanguliza kila chumba kana kwamba amemleta mgeni wa heshima. Upande wake wa pili alitembea Emi, mkaza mwana wake, tumbo limefika puani. Bi Ritsu hakuwa mjinga. Miaka arobaini alikuwa amesubiri kumsimamisha Hatsue mbele ya tandiko lile, mbele yetu sote, na kumwonyesha: huyu ni fulani, huyu ni fulani, na huyu ni mimi. Alikuwa ameshona kiraka chake kwa nili safi, kikubwa, katikati. Wala hakutaka kutukana. Alitaka kuhesabu mama wa nyumba ile mmoja mmoja kwa sauti, na Hatsue asikie mahali ambapo hayupo.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha giza. Tandiko lilijaza ukuta mzima. Sikulitambua. Nililijua kama kitu kizito cha kunuka jivu, na sasa lilikuwa limenyooshwa chini ya mwanga hafifu, nili ya kila namna, nyeusi, ya buluu, ya kijivu, matambara juu ya matambara. Na karibu na katikati, kidogo kama kiganja cha mtoto mchanga, kipande chekundu chenye ua jeupe la mplamu.

Mizuno alieleza kwamba lilipoletwa kutoka nyumbani kwa kina Nagao lilikuwa na bitana ya mifuko ya unga, kitu cha kiwandani, hakina thamani. Waliifumua, wakakuta uzuri wote ulikuwa umefichwa huko chini. Wakaamua kuligeuza. Upande wa juu sasa umetazama ukuta.

Nilimtazama Bi Ritsu. Kiraka chake cha nili kilikuwa kimebanwa gizani, na hiki kingine kiko mwangani.

"Hiki chekundu ndicho wageni wanachokipenda kuliko vyote," Mizuno alisema. "Aliyekishona alijua rangi."

 Wanawake wa umri wetu wote walikuwa wanakitazama, na wote waliijua nguo ile, kwa sababu wivu hausahau. Bibi Kane alianza, "Hiyo si ile shuka ya..." Akanyamaza mwenyewe, jambo ambalo sijaliona tena mpaka alipokufa.

Hatsue alikuwa amesimama mikono mbele, amekitazama kiraka bila kupepesa. Hakuwa amekiona tangu siku alipokifunika. Mimi ndipo nilipoelewa alichofanya ukumbini siku ile: alikata kigauni, akashona mtoto wake ndani ya tandiko, kisha kwa mkono uleule akamzika chini ya mifuko ya unga, na kumkabidhi kwa bibi harusi. Bi Ritsu alizaa wanawe wote wawili akiwa amepiga magoti juu yake.

Bi Ritsu naye alikuwa ameelewa. Uso wake ulibaki palepale, lakini shingo ilipanda rangi. Alimwachia Hatsue kiwiko, akamgeukia Mizuno kwa sauti yake ya mikutano.

"Binti, hicho si cha kwetu."

Mizuno aliuliza ana maana gani.

"Nina maana tandiko hili tumewaazima, hatujawapa. Wajawazito wanakuja hapa kwa imani. Kama kuna kitu kimebandikwa kisicho cha nyumba yetu, nitalichukua leo, nikakifumue nyumbani, niwarudishie likiwa safi. Ni mshono mmoja tu."

Mizuno alibadilika rangi. Aliinama, akainama tena, akasema kwamba kitu cha kale hakifumuliwi, kwamba mkurugenzi hayupo, kwamba labda Bi Ritsu afikirie upya. Bi Ritsu alimwambia kwa tabasamu kwamba hana nia ya kumsumbua mtu. Kuna njia rahisi ya kujua.

"Aliyeshona bitana tunaye hapa. Bi Hatsue, hebu tusaidie. Hiki ni nini?"

Ndugu yangu, nimeona ng'ombe wakichinjwa, nimeona baba akimpiga mwanawe kwa mnyororo, lakini ukatili wenye adabu kama ule sijauona kwingine. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza Hatsue habari za yule mtoto, si mume, si mtawa, si mimi niliyebeba maji. Sasa anaulizwa, mbele ya mashahidi, na chumba kizima kinajua jibu. Akisema ni mwanangu, jioni hiyohiyo Bi Ritsu atachukua mkasi. Akinyamaza, ni yaleyale. Kile kipande ndicho kilichobaki cha mtu aliyeishi usiku mmoja. Upenu ule ulishavunjwa, wakamwaga saruji wakaegesha trekta.

Nilifungua mdomo. Hatsue alinikanyaga kidole cha mguu, kwa nguvu, kwa soksi yake. Kisha aliinama mbele ya Bi Ritsu kama anavyoinama shambani anapokosolewa mfuko.

"Ni panya, Bi Ritsu."

"Panya?"

"Walikuwa wametoboa hapo. Mama mkwe aliniambia nizibe kabla ya kushona bitana. Nikachukua kitambaa kilichokuwa karibu."

"Kitambaa chekundu."

"Ndicho kilichokuwa kimebaki."

Bi Ritsu alimtazama. Alikuwa ameshinda na alijua ameshinda, lakini mtu aliyekaa na njaa muda mrefu haachi mfupa ukiwa na nyama. Alimvuta Emi karibu, akaweka mkono juu ya tumbo lake.

"Mkwe wangu hapa ana wasiwasi wa bure, si unajua mimba ya kwanza. Mwambie mwenyewe asikie. Hakuna mtoto hapo?"

"Hakuna," alisema Hatsue.

"Sauti, Bi Hatsue. Tumezeeka, masikio mazito."

"Hakuna mtoto." Alisema kwa sauti ya kutosha chumba. "Hajawahi kuwepo mtoto. Ni tundu la panya."

Akatabasamu. Alikuwa na meno machache na tabasamu lake lilikuwa pana, la mtu mwema asiye na mengi kichwani, lile lililomlinda miaka yote. Na wenzangu wakacheka. Kwanza mmoja, halafu wote, kicheko cha watu waliotolewa mwiba. Kumbe panya! Tena panya mwenye bahati, kavalishwa maua! Bibi Kane alicheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa mkono wa nguo, na sijui mpaka leo alikuwa anafuta machozi yapi. Walaaniwe wote, na wengi wao nimeshawasindikiza hekaluni na kuwafukizia ubani.

Mizuno alifurahi kupita kiasi. Alimshukuru Hatsue kwa mikono miwili. Alisema habari kama hizo ndizo zinazokipa kitu uhai, kwamba atawaeleza wageni wote. Na kweli anawaeleza, au waliokuja baada yake, maana mwenyewe nilirudi mwaka mwingine nikasikia. Wakifika kwenye kiraka chekundu wanasema hapa panya alitoboa, na mwanamke mmoja wa kijijini akaziba kwa alichokuwa nacho, bila kujua kwamba anatengeneza sanaa. Watu wanacheka. Watoto wa shule wanaulizana panya mwenyewe alikwenda wapi.

Siku ile, kabla hatujatoka, Emi alisogea mbele ya tandiko akaunganisha viganja. Aliomba muda mrefu, macho yamefumbwa, kichwa kimeelekea palepale penye wekundu, kwa sababu jicho halina pengine pa kwenda. Hatsue alikuwa nyuma yake kidogo. Mikono yake ilikuwa imeinuka nusu, akaishusha akajikung'uta nguo.

Tulikula kwenye bustani ya makumbusho. Matonge ya wali, samaki wa chumvi, figili. Bi Ritsu aligawa mwenyewe, akampa Hatsue tonge kubwa kuliko yote, na Hatsue akalipokea kwa mikono miwili akalila lote, punje kwa punje. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba ningekuwa mimi ningemtemea. Akanijibu kwamba wali haujamkosea mtu.

Kwenye basi la kurudi watu waliimba kidogo, kisha wakasinzia. Nje matawi ya matufaha yalikuwa yamebaki matupu, na mlimani theluji ya kwanza ilikuwa imeshashuka. Hatsue alikaa dirishani, mimi nyuma yake. Nilikuwa nimefumba macho lakini silali kwenye basi. Nikasikia mtu anapita akishikilia viti, akaketi kando ya Hatsue. Alikuwa Bi Ritsu.

Tukavuka daraja. Alipoanza kusema, ile sauti ya mikutano hakuwa nayo. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee ambaye amechoka na anaogopa.

"Wanangu wote wawili nilizaa juu yake," alisema.

"Najua," Hatsue alimjibu. "Nilikuwa nakusikia kutoka kibandani."

"Emi naye amekaribia. Mimba mbili zimeshatoka, hatukuwaambia watu. Nataka nimwite mtawa asome, kimyakimya, usiku, mtu asijue. Nitamwekea na sadaka nzuri. Lakini mtawa hawezi kusoma bila jina. Ataita nani?"

Hatsue alikuwa anakunja kitambaa chake cha kufungia chakula, pembe juu ya pembe.

"Dada," alisema Bi Ritsu. Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. "Ulimpa jina? Hata kama ni moyoni tu. Niambie, nimwondolee mwanangu balaa."

Niliinua kichwa bila kujizuia. Hatsue alimaliza kukunja, akakiweka kitambaa mapajani, akakilaza kwa kiganja mpaka kikanyooka.

"Panya hawapewi majina, Bi Ritsu."

Akageuza uso dirishani. Kwenye kioo niliona midomo yake ikicheza, neno moja fupi, kama juu ya ngazi anapofunga tunda la kwanza. Bi Ritsu alimwinamia haraka alisikie, lakini alikuwa ameshachelewa.